Sentensi Mia Sita

Jengo la mafundi lilikuwa na ngazi moja tu kwa orofa nne, na Jumamosi asubuhi watu walisongamana humo na redio, televisheni na simu zilizokufa. Fundi wa kompyuta alikuwa anashuka kununua chai alipomwona mwanamke wa gauni la njano na viatu vya kisigino, ameieleka kompyuta ya mezani kiunoni kama mtoto mgonjwa. Mtu aliyebeba friji mgongoni akamkumba. Fundi akaruka vidato vitatu, akaidaka kompyuta. Mwenye gauni la njano akakaa kitako, kiatu kimoja kikaporomoka hadi mlangoni.

"Umedaka kompyuta," alisema akiwa pale pale chini, "mimi umeniacha nianguke."

"Dada, wewe ukivunjika utaungwa. Diski haiungwi."

"Basi wewe ndiye ninayekutafuta. Niletee kiatu changu."

Akamletea. Mambo yao yalianza hivyo, kwa utani, na laiti yangeishia kwenye utani.

Mwanamke yule alikuwa mwalimu wa hesabu. Baba yake alitangaza treni kwenye stesheni kuu kwa miaka thelathini, na sasa alikuwa na saratani ya koo. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kasoro siku moja kabla madaktari hawajamtoa koromeo, na sauti ingekwenda nalo. Kulikuwa na programu ya kumtengenezea mzee sauti ya mashine inayofanana na yake. Asome sentensi mia sita, kompyuta izihifadhi, kisha baada ya upasuaji aandike lolote na mashine ilitamke kwa sauti yake mwenyewe. Mzee alisoma kwa wiki tatu. Kila sentensi ya kumi alipumzika, mara nyingine alitema damu, akanywa maji, akaendelea. Siku aliyomaliza, umeme ulikatika kompyuta ikiwa inajisasisha, na haikuwaka tena.

"Nikabonyeza pale palipoandikwa rejesha mfumo," Mwalimu alieleza. "Inafika asilimia sitini na mbili, inaniambia urejeshaji umeshindikana, hakuna kilichobadilishwa. Nimejaribu mara tatu."

"Mara tatu zote za nini?"

"Mimi mwalimu. Mwanafunzi akikosea namrudisha ubaoni."

"Hii usiirudishe tena. Ikisema hakuna kilichobadilishwa, hiyo ni habari njema. Sauti ya mzee bado imo."

Juu ya meza ya Fundi palibandikwa karatasi yenye mwandiko wa mtu aliyemfundisha kazi: NAKILI KWANZA. Hakuwahi kugusa diski ya mteja kabla ya kuhamishia kila kilichomo kwenye diski nyingine. Zake zilikuwa zimejaa, akaagiza mpya, ikachelewa. Basi wakaisubiri pamoja. Mwalimu alipita kila siku baada ya vipindi, vumbi la chaki bado lipo kwenye mikono ya blauzi, na asipopita alipiga simu.

"Umekula, Fundi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula chaki."

"Njoo basi nikupe kifutio ushushie."

Alhamisi neno "Fundi" liligeuka "mpenzi" bila yeyote kutangaza. Jumapili Fundi akapelekwa nyumbani kwa mzee. Mzee alimtazama kuanzia viatuni, polepole, kisha akasema kwa sauti iliyokwaruza lakini bado nene, "Kijana, treni ya kwenda kwa binti yangu haina behewa la daraja la tatu." Walicheka wote watatu. Mzee alicheka mpaka akashika koo.

Jumatatu diski ilikuwa bado haijafika, na Mwalimu aliingia macho yamemwiva.

"Mzee ameniuliza asubuhi kama alisoma bure. Sikuwa na jibu. Ningeiona inawaka tu, ningekuwa na la kumwambia."

Fundi alimtazama, akaitazama karatasi ukutani. Alijua la kufanya, na alijua pia kwamba yule mtu anayelia mbele yake angetabasamu baada ya dakika arobaini kama angelifanya lile jingine. Akachomeka flashi ya urejeshaji. Njia ya kwanza, ile ya kubakiza mafaili, ikakwama tena kwenye sitini na mbili. Akachagua ya pili, ya kuanza upya kabisa. Alijiaminisha kwamba sauti zimo kwenye sehemu ya pili ya diski, ambayo urejeshaji hauigusi. Hakuhakikisha.

Kompyuta ikawaka. Mwalimu akamrukia shingoni, akamng'ang'ania. Fundi, kidevu chake kikiwa juu ya bega la mpenzi wake, akanyoosha mkono hadi kwenye kipanya na kutafuta. Hapakuwa na sehemu ya pili. Diski nzima ilikuwa moja, safi, kama imetoka dukani.

"Sauti ziko wapi?" Mwalimu aliuliza bila kumwachia.

"Zimejificha. Nitazitoa kwa programu nyingine."

"Niambie kweli. Leo Jumatatu, upasuaji Ijumaa. Mzee bado ana sauti. Kama zimepotea, aanze upya leo hii. Hata mia mbili zitasaidia, walituambia."

Mikono yake ilikuwa bado shingoni mwa Fundi, na ilikuwa ya moto.

"Usimsumbue mzee," Fundi alisema. "Sauti zipo."

Jumanne na Jumatano hakushika kazi ya mtu mwingine. Alichimba ile diski kwa kila programu aliyonayo, akapata majina ya mafaili yasiyo na kitu ndani, na vipande vya sauti visivyozidi pumzi moja. Alipiga moyo konde mara kadhaa ili aseme, na kila alipoinua simu aliirudisha mezani. Alhamisi Mwalimu alipiga mara nne, Fundi akaiacha simu iite. Ya tano akapokea.

"Una mwanamke mwingine hapo?"

"Sina."

"Basi mbona unanipiga chenga?"

"Niko na kazi yako, mpenzi."

"Imefika asilimia ngapi?"

"Tisini."

Akamsikia anashusha pumzi. "Mungu akuweke. Unajua mzee alitaka kusoma tena tangu jana? Eti kwa tahadhari tu. Nimemkatalia. Nimemwambia fundi wetu anajua kazi yake, wewe pumzisha koo."

Fundi alifungua mdomo. Ilikuwa saa nane mchana, mzee yuko kitandani na sauti yake, kipaza sauti kipo pale, siku bado haijaisha.

"Msalimie," akasema.

Upasuaji ulichukua saa saba. Jumamosi Fundi alimkuta Mwalimu kwenye korido ya hospitali, juu ya benchi, amevaa sweta la mzee lililomfika magotini. Mwalimu alipomwona alisogea kumpa nafasi. Fundi hakukaa. Alimwambia yote akiwa amesimama, haraka, bila kujitetea.

"Tangu lini?" Mwalimu aliuliza.

"Jumatatu."

"Jumatatu saa ngapi?"

"Ulipokuwa umenikumbatia."

Midomo ya Mwalimu ilicheza kidogo. Alikuwa anapiga hesabu.

"Siku nne. Akisoma hamsini kwa siku, ni mia mbili."

"Niliogopa utaniacha."

"Na nimekuacha. Sasa umepata nini?"

Alisema hivyo bila kupaza sauti, akaingia wodini na kuurudishia mlango taratibu ili mgonjwa asishtuke.

Wiki sita zilipita. Fundi alikonda, akawajibu wateja kwa mkato, akabandua ile karatasi ukutani kwa sababu hakuweza kukaa chini yake. Kisha ukaja ujumbe kutoka namba asiyoijua: *Njoo na kipaza sauti kizuri. Baba wa Mwalimu.*

Mzee alikuwa mezani, kitambaa cheupe shingoni, kompyuta mbele yake. Aliandika kwa vidole viwili, na spika ikatoa ile sauti iliyokuja na programu, inayosoma Kiswahili kama mgeni anayesoma karatasi ya dawa.

"Karibu. Sauti hii siitaki. Hata jirani ameicheka."

"Mzee, naomba unisamehe."

"Nilikuandikia matusi kurasa tatu. Nimezifuta, yalikuwa yanajirudia. Sasa keti usome. Zote mia sita."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, kalamu nyekundu mkononi. "Baba, hapana. Sauti ya huyu humu ndani? Kila siku, kutoka kwako?"

Mzee aliandika. "Koo ni langu."

"Kuna watu wenye sauti nzuri, mzee," Fundi alisema. "Naweza kukutafutia."

Mzee aliandika tena, akabonyeza. "Umeipoteza yangu. Utanipa yako."

Fundi alisoma kila mchana kwa siku tisa mfululizo. Sentensi ya sitini tu koo lilimkereketa, na hapo akaelewa kidogo ile kazi ilikuwa nini kwa mtu mwenye kidonda. Mwalimu alikaa nje ya mlango akisahihisha madaftari, na kila Fundi alipomaliza alinyoosha mkono bila kuinua macho. "Nakala." Akapewa diski, akaifungia kabatini. Siku ya tano akaingia na glasi ya maji.

"Ile ya mia tatu na kumi umeikimbiza."

"Niirudie?"

"Irudie."

Siku ya nane aliingia tena, akasimama nyuma ya kiti chake.

"Bado nakupenda," alisema. "Linaniudhi sana hilo."

"Mimi pia na..."

"Wewe soma. Nilikuwa nimeshakuchukia vizuri, mzee akakuita. Sijui kama nitaweza kukutazama usoni huku nakusikia kwa baba. Sijui kabisa."

Programu ilihitaji siku mbili kuitengeneza sauti. Jumapili mchana wakaketi watatu chumbani, Mwalimu dirishani amewapa mgongo, amevaa gauni jeupe, anakunja nguo za mzee. Mzee alijaribu neno moja, akalifuta. Akaandika tena, kidole kikakaa juu ya kibodi muda mrefu, kisha akabonyeza.

"Mwanangu," mashine ilisema.

Ilikuwa sauti ya Fundi, ngumu kidogo mwishoni, lakini yake. Yeye mwenyewe alikuwa ameuma midomo ili aonekane si yeye aliyesema. Mabega ya Mwalimu yalipanda juu, shati likamponyoka. Akageuka na uso uliolowa, akamtazama Fundi kwanza, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu koridoni. Kisha akampita, akapiga magoti kando ya kiti cha mzee.

"Abee, baba."