Pole ya Babu Ezekieli

Jumamosi asubuhi, baridi ya Njombe ikiwa bado haijamruhusu mtu kuvua sweta, Lightness alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni akimenya viazi. Babu yake, Mzee Ezekieli, alikuwa upande wa pili wa jiko, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi, akikoroga uji huku akipiga mluzi wimbo wa kwaya. Ndivyo walivyoishi hapo mtaa wa Ramadhani, wawili tu, tangu Lightness alipoanza kidato cha kwanza. Mama yake alikuwa Manda, kando ya ziwa, akiuza dagaa.

Simu ya babu ikatoa mlio. Mzee akafuta mikono, akavaa miwani, uso ukachanua.

"Mama Helga huyo! Ametuma ujumbe wa sauti."

Mama Helga alikuwa Mjerumani, wa usharika rafiki na usharika wao. Miaka mingi yeye na mumewe, Mzee Klaus, walikuwa wakija Njombe na kufikia nyumba hiyohiyo. Klaus aliimba besi, na babu aliimba besi. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, lakini ukiwawekea wimbo mmoja katikati, wangekaa pamoja mchana kutwa bila kuchokana. Bibi yake Lightness alipofariki, Klaus alipanda ndege akaja. Alisimama kaburini bega kwa bega na babu, akaimba besi peke yake mpaka sauti ya babu, iliyokuwa imekauka kwa kilio, ikarudi.

Sasa Klaus naye alikuwa amefariki, na Mama Helga alikuwa anakuja peke yake mwezi wa nane. Babu alikuwa bado hajampa pole.

"Pole ya msiba siitumi kwenye simu mimi," alisema kila alipoulizwa. "Nitampa nikiwa nimemshika mikono, anitazame machoni."

Shida ilikuwa mkalimani. Mwinjilisti aliyewasaidia siku zote alikuwa amehamishiwa Makete. Wazee wa usharika walipoanza kuulizana watampata wapi mwingine, babu alisimama mbele ya watu wote, kifua mbele. "Mkalimani ninaye nyumbani! Mjukuu wangu yuko sekondari, anasoma kila kitu kwa Kiingereza." Watu wakapiga makofi. Lightness, aliyekuwa kwenye viti vya kwaya, akatabasamu tu. Hapo ndipo alipopaswa kusema kitu, na hakusema.

Kuandika Kiingereza aliweza, tena daftari lake lilikuwa safi. Lakini mtu akifungua mdomo na kukizungumza, maneno yalimpita kama basi lisilosimama stendi.

"Haya, mama, sikiliza uniambie anasemaje," babu alisema, akimpa simu.

Sauti ya Mama Helga ikamwagika kwa Kiingereza, nzito na ya haraka. Lightness alisikia "Ezekieli", akasikia kicheko, basi. Babu alikuwa anamtazama kwa upendo mwingi, mwiko wa uji ukiwa umesimama hewani. Angemwambiaje mzee huyu kwamba hajaelewa kitu?

"Anakusalimu sana, babu. Anasema... huko kwao hali ya hewa ni nzuri. Na anaikumbuka kwaya."

"Eee! Na safari?"

"Safari ni ileile, babu. Atakuja na gari mpaka hapa mlangoni, kama zamani."

Loo! Uongo mtupu, na ulitoka laini kama ulikuwa umepakwa mafuta. Babu kwa furaha akamjazia bakuli kubwa la uji.

Tangu hapo Lightness hakuwa na raha. Kila jioni aliomba simu, akaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, akasikiliza ujumbe uleule huku akiosha vyombo. Mwanzoni zilikuwa kelele tu. Kesho yake kelele, keshokutwa kelele. Kisha, taratibu, kelele zikaanza kukatika vipande, na vipande vikaanza kuwa maneno. Ijumaa. Peke yangu. Treni. Makambako.

Sufuria likamponyoka mikononi.

Hakukuwa na habari yoyote ya hali ya hewa. Mama Helga alikuwa anasema kwamba mambo ya magari yalikuwa kazi ya Klaus, kwa hiyo safari hii angepanda treni hadi Makambako, na anaomba Ezekieli ampokee stesheni. Lightness akamwona yule mama mzee akiwa na mabegi yake, anageuka huku na huku, hakuna hata mtu mmoja anayemjua.

Alimfuata babu barazani, mikono bado ina povu. "Babu, nilikudanganya." Akaeleza yote, machozi yakimtoka.

Mzee Ezekieli alivua kofia, akaiweka magotini. Aliumia, na hakuficha.

"Kwa hiyo mimi ningekaa hapa na suti yangu, na mke wa Klaus anahangaika Makambako."

"Nisamehe, babu. Niliogopa kukuaibisha. Ulinisifia mbele za watu."

"Nilikusifia bila kukuuliza, na hilo ni kosa langu. Lakini ungeniambia, 'Babu, sijaelewa,' mimi ningeaibika nini?" Akamgeukia. "Hebu niambie. Hayo ya treni umeyajuaje sasa?"

"Nimesikiliza tu, babu. Kila siku, nikiosha vyombo."

Uso wa mzee ukabadilika. "Wewe kwenye kwaya unaimba sauti ya pili. Uliisoma kwenye karatasi gani?"

"Hakuna karatasi, babu. Ulinikalisha karibu na Mama Paskalina wa sauti ya pili, ukaniambia nifunge mdomo nimsikilize."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wimbo uanze kuimba wenyewe kichwani."

"Sasa Kiingereza ulitaka kukiimba kabla hujakaa karibu na mwenye sauti?" Babu akavaa kofia yake, akasimama kama yuko mbele ya kwaya. "Mazoezi yanaanza kesho."

Jumatatu Lightness alimweleza mwalimu wake wa Kiingereza, Mwalimu Prisila, naye akamwekea hadithi fupifupi za kusikiliza kwenye memori kadi ya simu ya babu. Masharti yakawa mepesi: hadithi moja, kila siku, wakati wa kuosha vyombo. Asikilize mpaka ieleweke, kisha aseme pamoja na msomaji kwa sauti, ndipo aende kwenye nyingine. Mama Helga naye, alipoombwa, akawa anatuma ujumbe kila wiki. Lightness alimjibu, mara ya kwanza kwa jasho jembamba, japo kulikuwa na baridi.

Jastin, mwanafunzi mwenzake wa jirani, alichungulia juu ya ua siku moja, akacheka mpaka akashika mbavu. "Lightness, unaongea na masufuria?"

"Yananielewa kuliko wewe!"

Si kwamba kila siku ilikuwa tamu. Kuna siku alichoka, akainama kwenye beseni kimyakimya, na babu akauliza kutoka sebuleni, "Kwaya leo haina mazoezi?" Wakati wa mitihani aliacha kabisa, na aliporudi aliona sikio limekuwa zito, ikabidi arudie hadithi za zamani. Aliirudia moja, akaiona nyepesi, akaendelea.

Ijumaa ile ya mwezi wa nane ikafika. Babu na suti yake ya kahawia, Lightness na sketi yake ya kanisani, wakasimama kwenye stesheni ya Makambako. Treni ikaingia, watu wakashuka na mizigo yao, na nyuma yao akaonekana mama mwembamba mwenye nywele nyeupe.

"Kamwene!" babu akapaza sauti kwa salamu ya kwao Njombe.

"Kamwene, Ezekieli!" Hilo Mama Helga alilijua. Baada ya hapo akabubujika Kiingereza, cha haraka kuliko cha kwenye simu, wapagazi wakipiga kelele pande zote. Lightness hakupata hata neno.

Babu akamwangalia. Uongo wa zamani ukaja wenyewe hadi ncha ya ulimi: anakusalimu sana, babu. Lightness akaumeza.

"Mama Helga," alisema kwa Kiingereza, "tafadhali sema tena. Polepole. Sijaelewa."

Kisha akamgeukia babu: "Sijaelewa, babu. Nimemwomba arudie."

Mama Helga akasimama, kisha akacheka na kumshika shavu. Akasema, neno moja moja, kwamba hata yeye hakuzaliwa na lugha hii. Kila asubuhi akinywa kahawa alisikiliza jumbe za Lightness na kuzirudia, ili leo waweze kuelewana. Lightness aliposikia hivyo, mabega yake yakashuka na hofu ikamtoka.

Ndipo babu alipovua kofia na kuishika mikono ya Mama Helga, yote miwili.

"Mwambie, siku ninamzika bibi yako, Klaus alikuja akasimama na mimi. Yeye alipokufa, mimi sikuweza kwenda kusimama na yeye. Mwambie pole hii nimekaa nayo kifuani muda mrefu, naomba aipokee."

Hakuna hadithi ya kwenye memori kadi iliyokuwa na maneno hayo. Lightness alivuta pumzi, akayasema kwa maneno madogo aliyokuwa nayo, bila haraka. Mama Helga akalia. Kisha akajibu, na Lightness akasikiliza mpaka mwisho kabla ya kufungua mdomo.

"Anasema... babu, anasema Mzee Klaus alipokuwa mgonjwa, kila siku aliomba awekewe nyimbo za kwaya yetu. Akawa anasema, 'Nyamazeni, namsikia Ezekieli.'"

Mzee Ezekieli alilia pale stesheni mbele za watu, na wala hakujifuta.

Jioni, nyumbani, Lightness alipokuwa anaosha vyombo, babu alikuja kukaa karibu naye kwenye kigoda.

"Mjukuu wangu, leo umenibebea mzigo mzito. Usidhani umepata nguvu hiyo stesheni. Umeipata hapa kwenye beseni, kidogo kidogo, hata siku ambazo hukutaka. Sikio lililozoea kusikiliza kila siku ndilo linaloufungua ulimi. Na jambo lingine: hukuwa mkalimani siku ile uliponijibu bila kuelewa. Ulikuwa mkalimani pale uliposema, 'Sijaelewa, rudia.'"

Mama Helga akatokea mlangoni, simu mkononi, akasema jambo taratibu. Lightness akatabasamu.

"Babu, anaomba uiseme ile pole tena, kwa Kiswahili. Anataka kuirekodi, awe anaisikiliza kila asubuhi."

Babu akakohoa, akarekebisha kofia yake, akasogea karibu na simu.

"Mwambie nitasema polepole," alisema.