Usiku wa Oveni

Asubuhi ya Jumatatu Kabula aliingia jikoni kuchukua ndoo, akakuta oveni ina moto na hakuna mtu aliyeiwasha. Aligusa kioo cha mlango wake kwa kiganja, akaondoa mkono upesi. Swichi zote tatu zilikuwa kwenye sifuri. Ndani hamkuwa na kitu ila harufu, na haikuwa harufu ya keki. Ilikuwa ya nywele zinazoungua.

Jiko lile lilijengwa peke yake nyuma ya nyumba, huko Misunkumilo, chumba kimoja chenye mlango mmoja wa mbao. Oveni ilikuwa mali ya mama mkwe wake, Dafrosa, mjane aliyekuwa akioka keki za harusi na kipaimara za karibu nusu ya mji wa Mpanda. Aliinunua mtumba kwa mgeni mmoja wa machimboni aliyehama ghafla bila kuaga majirani. Kwa nini mtu ahame na kuacha kitu kizima namna ile, Dafrosa hakuuliza. Alikuwa hodari wa kuchunguza mambo ya wenzake tu.

Oveni yenyewe ilikuwa na masharti. Swichi ya kwanza ilikuwa na vipicha: moto wa juu, moto wa chini, feni. Ya pili ilikuwa ya joto, ya tatu ya dakika. Katikati palikuwa na saa ya namba nyekundu, inayohesabu hadi ishirini na nne. Umeme ukikatika, na watu wa Mpanda hawahitaji kuelezwa habari hizo, saa ile ilirudi sifuri ikawa inawakawaka, na oveni iligoma kupata moto mpaka saa iwekwe upya. Dafrosa aliipiga mateke wiki mbili nzima kabla ya kujifunza kubana batani mbili kwa pamoja na kuzungusha. Alipoiweka, aliiweka kwa Kiswahili. Ikiwa saa mbili asubuhi, aliandika mbili. Mwanawe Deusdedit, mume wa Kabula, alimwambia inatakiwa iandikwe nane.

"Saa mbili ni mbili," Dafrosa alimjibu. "Mimi siyo mzungu wa kuhesabu kichwa chini miguu juu."

Deusdedit aliendesha lori na alirudi nyumbani Jumamosi tu. Dafrosa alikwenda misa kila asubuhi, akitoka kanisani anapitia sokoni kununua mayai, na keki zake alioka saa nane mchana. Kwa hiyo asubuhi zote zilikuwa za Kabula peke yake na mwanawe Sikujua, binti wa miaka minne.

Jumanne, saa mbili asubuhi, swichi ya vipicha ilijizungusha mbele ya macho yake. Tik, moto wa juu. Tik, moto wa chini. Jumatano, saa ileile, jua limekwisha kupanda na kuku wa jirani wanaparua uani, alisikia mtu anakohoa ndani ya chuma, kikohozi kikavu cha mzee aliyekaa muda mrefu bila kusema, kisha ikaja sauti aliyoijua vizuri, sauti ya mama yake mzazi aliyezikwa Litapunga miaka sita iliyopita, ikimwita kwa jina, taratibu, kama zamani alipokuwa akimwamsha kwenda kukamua ng'ombe, ikisema, "Kabula, nifungulie," na mkono wa Kabula ulikuwa umekwisha kufika kwenye mshikio alipomsikia Sikujua akilia uani, ndipo akatoka mbio.

Alimweleza mama mkwe wake, na hilo lilikuwa kosa lake. Dafrosa alimsikiliza hadi mwisho, akatabasamu. Mwaka wa tano sasa alikuwa akitafuta sababu ya kumfukuza.

"Kumbe ndiyo mliyotuletea kutoka kwenye mazizi yenu," alisema. "Jumamosi Deusi akirudi unafunga mizigo, unarudi kwenu kwa ng'ombe. Mtoto anabaki. Huyu ni damu ya hapa."

"Mama, nakuomba. Mtoto bado mdogo."

"Ndiyo nzuri. Atakusahau mapema."

Kabula alimjua mume wake. Hajawahi kumpinga mama yake hata kwa chumvi ya mboga. Usiku ule alilala amemkumbatia Sikujua kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Alhamisi asubuhi, Dafrosa akiwa misa, alimwita fundi. Onesphore, mzaliwa wa Mishamo aliyehamia mjini, alikuja na pikipiki yake, mtu mpole, mtengenezaji wa friji na pasi. Alifungua nyuma ya oveni, akapima nyaya, hakuona kasoro. Alipozunguka mbele na kuona ile saa, aliacha kupiga mluzi.

"Mama Sikujua," alisema kwa sauti ya chini, "hii saa nani kaiweka?"

"Mama mkwe."

"Sasa hivi sisi ni saa moja asubuhi. Hapa imeandikwa moja, na saa mbili yenu itaandika mbili. Mbili ya mzungu ni saa nane ya usiku." Alirudi nyuma hatua moja. "Aliyemo humu halioni jua. Usiku wake anausoma hapa. Nyie mnachemsha chai, kwake ni usiku wa manane."

Kabula alirudi nyuma naye. "Tufanye nini?"

Fundi alimwonyesha. Saa iwekwe sawasawa. Kisha abane batani yenye picha ya ufunguo mpaka ahesabu tatu, swichi zote zife ganzi, mtu asiweze kugeuza kitu. Jikoni pawe na komeo kwa nje wakati wa kulala. Jumapili angerudi na shehe mmoja anayejua kutoa majini.

"Na akiita?"

"Usifungue. Anaita kwa sauti ya mtu unayempenda. Hicho chuma hakikai kitupu, mama. Akitoka yeye, mwingine anaingia, na yeye ndiye anayechagua nani."

Lakini Jumapili ingekuja siku moja baada ya yeye kufukuzwa. Kabula angeweza kwenda kupiga magoti kwa paroko, angeweza kutoroka na mtoto. Hakufanya hayo. Alikuwa amechoka kutukanwa, na kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile alikuwa anajua kitu ambacho Dafrosa hakijui. Kilimwasha moyoni kwa utamu wa ajabu.

Ijumaa, saa nane mchana ilipokaribia, alibana batani mbili, akazungusha mpaka saa ya oveni ikaandika mbili, usiku wa manane kwa aliyemo. Akabana ufunguo. Moja, mbili, tatu. Kisha akamshika mkono Sikujua, wakapita getini na kuzunguka barabarani hadi kwa jirani, Gaudensia, akamwacha huko. Aliporudi alimsikia Dafrosa yuko jikoni, akigonga sufuria ya keki na kufoka.

"Nani kagusa saa yangu? Mbona batani hazibonyezeki?"

Kabula alisogea mlangoni. Alirudisha mlango polepole bila kuchungulia ndani, akasukuma komeo.

Kufoka kulikoma. Kikohozi kikavu kilisikika, kisha sauti nzito ya mwanamume ikasema, "Dafrosa, nifungulie." Alikuwa Severini, mume aliyekufa na kumwachia ujane. Na Dafrosa akajibu kwa sauti ambayo Kabula hakuwahi kuisikia kinywani mwake, sauti ya msichana, "Baba Deusi? Umerudi?" Mlango wa oveni ukalia. Yowe lililofuata lilikuwa refu, likapanda, likavunjika katikati, na Kabula akaliacha liishe lenyewe, mgongo wake umeegemea mbao. Ndani ya hofu yake furaha ilikuwemo.

Kisha mlango ukagongwa kwa ndani, chini, usawa wa goti.

"Mama, nifungulie."

Alikuwa Sikujua. Kabula alitikisa kichwa, karibu acheke. Alijua ujanja huo.

"Mama, bibi kaungua. Mama, nifungulie, naogopa."

"Hunipati," Kabula alinong'ona.

Sauti ililia, ikaomba, ikakwaruza mbao, na Kabula akafumba macho na kuziba masikio mpaka pakawa kimya. Alipofumbua macho, Gaudensia alikuwa amesimama uani, ndala moja ndogo mkononi.

"Mama Sikujua, mwanao kaangusha ndala kwenye wigo. Ulipotoka tu alipenya minyaa akakimbilia jikoni kwa bibi yake. Nikajua mmemwita alambe bakuli."

Kabula alivuta komeo kwa mikono miwili. Dafrosa alikuwa ameketi sakafuni hai, mikono imeungua hadi viwiko, macho wazi, hasemi. Oveni ilikuwa imefungwa. Sikujua alikuwa mlangoni, mguu mmoja bila ndala, mzima kabisa, akamrukia mama yake kifuani. Mwili wake ulikuwa na joto kali, na nywele zake zilinuka kuungua. Kabula alimbana, akalia kwa sauti, akimwomba msamaha.

Ndipo ndani ya chuma, nyuma ya kioo, mtoto akaanza kugonga.

"Mama," ilisema sauti ya Sikujua kutoka mle ndani, "mama, nifungulie."

Na yule aliyekuwa kifuani mwake akamshika shingo, akamnong'oneza sikioni, "Usimfungulie, mama."