Mti wa Mtoto wa Renilde

Panga lilikataa kukauka. Jérémie alilifuta kwa kitambaa, akalisugua kwa majivu, akalianika juani, na kila alipolishika tena alilikuta limelowa utomvu mweupe, unanuka ubichi. Alimwambia mkewe Nadège kwamba chuma kipya ndivyo kilivyo. Uongo mtupu, na mwenyewe aliujua.

Alilinunua kwa Déogratias, mhunzi wa pale mjini Baraka anayefua mapanga kwa vyuma vya springi za malori. Mbele ya kibanda chake limelala gogo kavu, na kila mnunuzi hulijaribu panga lake hapo, mbele ya macho ya mhunzi, ndipo aende nalo nyumbani. Jérémie aliona ni ushamba.

"Hii gogo hata kisu ya mboga itaipasua," alisema, akakataa kulijaribu, na watu wakamcheka.

Akafika kwake amevimba kwa hasira, akitafuta mti mbichi wa kumtuliza roho. Nyuma ya nyumba, mpakani na jirani yake Renilde, ulisimama muvumu mchanga, mti wa utomvu mweupe kama maziwa. Akapiga tawi, likaanguka. Utamu ukamwingia, akapiga na shina lenyewe.

Alijua vizuri ni mti gani. Renilde alipokimbia kutoka Burundi alimzika mwanawe pale, akachomeka kijiti juu ya kaburi lisije likapotea, na kijiti kikashika mizizi. Kila mtu mtaani aliuita mti wa mtoto wa Renilde.

Jioni ile mama wa watu alikuja mlangoni, amelipakata lile tawi mikononi.

"Papa Ketsia," akauliza kwa upole, akimwita kwa jina la bintiye, "uliona nani alikata muti ya mutoto wangu?"

"Mi sikuone muntu. Pengine ni batoto ba masomo."

"Aksanti, papa. Samahani kwa kukusumbua."

Afadhali angemtukana. Jérémie aliingia ndani masikio yakiwaka moto, akalisukuma panga chini ya kitanda.

Kesho yake mchana, Nadège akisonga bugali, ikasikika chumbani: ka! Kisha tena: ka! Akapaza sauti amwambie mumewe akapasulie kuni nje, na hapo akamwona mumewe ameketi palepale karibu naye, macho yamemtoka. Walipoingia hapakuwa na mtu, ila mguu wa kitanda ulikuwa na jeraha, na ubao ule, uliokauka kabla hawajaoana, ulikuwa unatoa maziwa.

Tangu hapo nyumba haikutulia. Mlio ulihama kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi kwenye boriti, na kila ulipopita uliacha mkato, na kila mkato ulichuruzika, mpaka harufu ya mti mbichi ikaingia kwenye nguo, kwenye maji ya kunywa, kwenye bugali mdomoni, na Jérémie akawa anakula huku amejiinamia, maana kila mlio aliujua ni wake, mkono ni wake, na bado hakusema. Ndipo bintiye Ketsia akatoka chumbani ameshika mkono wake mdogo. Kulikuwa na mstari mnyoofu, umefunguka kidogo, na ndani yake hamkuwa na damu. Ulikuwa utomvu.

Akaitwa Mama Espérance, mwombezi wa chumba cha maombi. Majirani wakajaa uani.

"Kabla niombe," alinong'ona Mama Espérance, "nani aligusa kitu ya mufu?"

"Ni ule Murundi!" Nadège akalia. "Alikuja hapa na tawi mukononi, anatuletea bulozi!"

Watu wakageukia kiwanja cha Renilde, wengine wameokota fimbo. Neno moja tu la Jérémie lingewazuia. Akatazama vidole vyake vya miguu. Renilde alifunga godoro lake, akapanda pikipiki inayokwenda Misisi. Alipompita alisema, "Mubaki muzuri, Papa Ketsia," bila kinyongo chochote, na Jérémie akatamani ardhi immeze.

Mlio haukuondoka na Renilde. Usiku kucha ulikata, na kulipopambazuka Ketsia alikuwa amelala mgumu, mistari imempanda hadi shingoni. Hapo ndipo Jérémie alipolibeba panga mikononi hadi uani, mbele ya watu wote waliokesha hapo wakiomba.

"Ni mi," akasema. "Mi njo nilikata. Niko muntu ya bure, mi."

Nadège alimtazama kama mtu asiyemfahamu. Mama Espérance hakumlaumu, hakukuwa na wakati.

"Piga magoti kwa muti. Umuite mutoto kwa jina yake, umuombe pardon."

Akaenda nyuma ya nyumba, watu wakimfuata, akapiga magoti mbele ya shina. "Mutoto wa Renilde..."

"Jina yake, papa."

Jérémie akafungua mdomo. Akamtazama Nadège, Nadège akatazama majirani, majirani wakatazamana. Miaka yote hiyo ya kuazimana chumvi na moto, hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza Renilde jina la mwanawe.

Jérémie akageuka: kwenye mlango wa nyuma alikuwa ametokea Ketsia, amesimama kwa miguu yake, mkono mzima, shingo safi. Nadège akapiga kigelegele.

"Usitafute jina tena, papa," mtoto akasema taratibu. "Mutoto wa muti ameshachukua yangu."

"Ketsia!" Jérémie akaita.

Mtoto mlangoni hakugeuza hata kichwa, maana jina hilo halikuwa lake tena. Nyuma ya Jérémie, ndani ya shina lililokatwa, sauti ndogo ikaitika:

"Papa?"