Simu ya Kuhakiki

"Habari za mchana, mama. Nakupigia kutoka ofisi ya utafiti wa hali ya maisha. Juzi mwenzetu alifika kwako akakuhoji. Naomba kuhakiki majibu machache."

Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani. Simu ilikuwa juu ya kitambaa, spika wazi, maana mikono yake ilishika pindo la gauni la watu. Sauti ile aliijua. Asubuhi ilimuuliza soksi ziko wapi.

"Si mume wako huyo?" mama mkwe akanong'ona kutoka mkekani, alikokuwa akichambua vifungo, vyeupe huku, vya rangi kule.

"Ni mtu wa ofisi, mama. Endelea, kaka."

Ndiyo kazi ya mumewe. Ofisi yao huwauliza watu wa nchi nyingi maswali yale yale, ijulikane wapi watu wanaishi vizuri, wapi wanaumia, na nini kirekebishwe. Wenzake huzunguka majumbani. Yeye siku hizi hukaa ofisini kusikiliza rekodi, kisha huwapigia baadhi ya watu kuhakikisha hawakusingiziwa majibu. Ukimkuta unayemjua, sharti umpe mwenzako simu. Lakini siku hiyo alisikia kwenye rekodi sauti ya mkewe ikisema neno asilolitarajia, akashindwa kuiachia simu.

"Fikiria ngazi yenye vipandio kumi. Juu kabisa ni maisha mazuri kuliko yote kwako, chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Umesimama kipandio cha ngapi?"

"Cha pili."

"Cha pili?"

"Mnaruhusiwa kushangaa?"

"Samahani. Ukipatwa na shida, una mtu wa kumtegemea?"

"Hapana."

"Hata mume?"

"Hilo halimo kwenye maswali yenu, kaka. Mume wangu huyafanyia mazoezi mbele ya kioo, nayajua yote."

Mama mkwe akacheka kidogo, kisha akajizuia.

"Mke wangu, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Siku mimba ilipotoka nilikupigia nikiwa kitandani hospitalini. Ukasema una mhojiwa mbele yako, hakatizwi. Hukukata simu vizuri, nikakusikia unamuuliza mama wa watu kama jana yake alilala salama. Ulimuuliza kwa upole, mpaka nikamwonea wivu."

Vifungo vikamponyoka mama mkwe, vyeupe vikachanganyika na vya rangi. Akaiinamia simu.

"Wewe mtoto, njoo nyumbani uongee na mkeo. Mambo ya ndoa hayasemwi hivi."

"Mwache, mama. Yuko kazini."

"Nitabadilika," mume akasema, na sauti ya ofisi ilikuwa imekwisha. "Nitaomba likizo. Tutakaa, tutaongea. Niambie unataka nini, nitafanya."

"Mimi nimesema humu ndani mpaka nimechoka, hukusikia. Nimemwambia mgeni mara moja, umesikia. Sasa ukinitendea wema, nitajuaje kama ni kwa ajili yangu au ni kwa ajili ya hicho kipandio?"

Mume akarudi kwenye karatasi ya maswali iliyokuwa mbele yake.

"Limebaki moja. Miaka mitano ijayo, unadhani utakuwa kipandio cha ngapi?"

"Cha nane."

"Nane? Basi matumaini yapo, mke wangu."

"Yapo. Dada amenipa chumba cha mbele kwake, kina dirisha la barabarani, wateja wataniona. Nahama leo jioni."

"Na mimi?"

"Mimi nimeulizwa maisha yangu. Asante kwa kupiga, kaka."

Akakata. Mama mkwe akajikongoja akasimama, akashika upande mmoja wa cherehani.

"Nimemzaa mimi, lakini siwezi kumtetea," alisema. "Inua huko, mwanangu. Chuma hiki hakibebwi na mtu mmoja."

Kule ofisini mume aliandika ujumbe: "Nisubiri, natoka sasa hivi." Haukujibiwa. Akapiga, simu ikaita mpaka ikachoka.

Msimamizi akapita nyuma ya kiti chake na kikombe cha chai.

"Umemaliza huyo? Majibu yamelingana?"

"Yamelingana."

"Mpitishe basi, wengine wanangoja."

Akampitisha.