Bahasha ya Kipyego

— Usifungue hapa. Fungua ukifika Ainabkoi, Kipyego alimwambia Nyakio, akimsukumia bahasha nene kwenye mkoba wake.

Nyakio alidhani ni barua ya mapenzi. Alikuwa kidato cha sita, na siku hiyo ya mwaka 1987 shule yao ya Ainabkoi ilikuwa imetembelea chuo kikuu, nje kidogo ya Eldoret, kuelezwa habari za masomo ya digrii na mafunzo ya uongozi. Kipyego, mpenzi wake wa miaka miwili, alisoma pale.

Ukumbini mhadhiri alisema kiongozi mzuri hufuata nyayo za Rais. Nyakio hakusikia mengine. Wanaume wawili wenye makoti marefu walikuwa wamesimama mlangoni. Rael, aliyeketi karibu naye, alimnong'onezea kwamba ni polisi wa siri, Special Branch, na mikoba itapekuliwa getini.

Akaomba ruhusa kwenda chooni. Mle ndani akafungua bahasha. Hakukuwa na barua. Zilikuwa karatasi za taipu, kama ishirini, zikidai vyama vingi vya siasa katika nchi iliyoruhusu chama kimoja tu. Watu walikuwa wakifungwa kwa karatasi moja tu. Akazirarua na kuzitumbukiza shimoni.

Getini alikuwa wa tatu kwenye laini Kipyego alipotokea mbio, jasho likimtoka. Alimpita bila kumwangalia.

— Afande, karatasi zilizo kwa mkoba wa huyu msichana ni zangu. Nilimdanganya. Yeye hajui kitu.

Nyakio alitaka kumzuia, lakini afande alikuwa ameshaunyakua mkoba. Mkoba ukamwagwa chini: kitana, leso, daftari. Karatasi hakuna. Lakini Kipyego alikuwa ameshajitaja. Wakaondoka naye. Nyakio alihojiwa hadi jioni, kisha akaachiliwa.

Kipyego alifungwa miezi kumi na tano. Aliandika barua nyingi. Nyakio alizisoma zote, hakujibu hata moja. Ila siku ya kutoka, Kipyego alimkuta Nyakio akimngoja nje ya jela.

— Ulinibebesha kifungo bila kuniambia, Nyakio alisema.

— Ndiyo. Niliogopa kupatikana na zile karatasi. Nisamehe.

— Sasa mbona ulikuja getini?

— Niliona wewe kwa hiyo laini. Nikaogopa zaidi.

Nyakio alimshika mkono.

Walioana mwaka uliofuata, katika kanisa dogo la Kimumu. Na kwa miaka mingi, gari geni likisimama nje ya nyumba yao, wote wawili waliacha kuongea mpaka liondoke.