Mstari Mweupe Shimoni

Kila Jumapili, Wening akishawakatia mbuzi majani, alishuka kondeni na birika la chai mpaka kwenye shimo la mama yake mdogo, Ratri, mtaalamu wa volkano. Ukutani mwa shimo, majivu ya milipuko ya zamani yalikuwa yamelala tabaka juu ya tabaka. Ratri aliyasoma ili ajue mlima wao ulikuwa na tabia gani. Wanakijiji walisubiri majibu yake kwa hamu, maana walitaka kujenga shule palepale.

"Leo nisafishie ukuta huu kwa brashi. Taratibu, mwanangu," alisema, kisha akaenda kutazama shimo la jirani.

Mara Jarwo, binamu yake Wening, akachungulia kutoka juu. "Bado unasugua udongo tu? Wenzako tunarusha tiara!"

Wening akatupa brashi, akashika mwiko wa kuchimbia na kukwangua kwa nguvu. Kipande cha ukuta kikaporomoka, na ndani yake akaona mstari mweupe wa majivu, mwembamba kama uzi. Akijua kwamba mama mdogo akiuona kazi itaanza upya, akaamua kuuficha. Haraka haraka akaurudishia udongo, akaushindilia na kuulainisha kwa kiganja.

Ratri aliporudi, uso ulimchanua. "Kumbe kati ya tabaka jeusi na la manjano hakuna majivu mengine! Basi mlima ulilala muda mrefu. Huenda shule ikajengwa hapa. Hongera, kipenzi changu!"

Akamkumbatia. Wening aliwawazia watoto wadogo wamekaa darasani, mlima ukinguruma juu yao.

"Mama mdogo, palikuwa na mstari mweupe," alisema akilia. "Niliubomoa, nikauficha. Nilitaka kwenda kurusha tiara."

Ratri akamfuta machozi kwa mkono uliojaa vumbi. "Ona, sasa na mashavu yako yana matabaka! Haya, tuanze ukuta wa pili. Na wewe Jarwo unayechungulia huko juu, shuka, mchochezi mkubwa!"

Walichimba hadi jua likapoa. Mstari ukajitokeza, na chini yake mkaa wa miti iliyoungua. Moto wa mlima uliwahi kufika pale. Wazee walipoonyeshwa, wakakubaliana shule ijengwe ng'ambo ya pili ya bonde, kwenye mwinuko.

Njiani kurudi, Ratri alimshika Wening mkono. "Hasara ya ukuta uliobomoka tumeifidia kwa jasho la jioni moja," alisema. "Lakini ungenyamaza, kosa lako lingekaa chini ya madawati ya watoto. Ukiharibu kitu, mwanangu, sema mapema, hata kama sauti inatetemeka."