Mvumo Kwenye Spika za Marehemu

Mvumo ulianza siku ya tatu tangu Bi Halo aziwashe tena spika za marehemu mumewe. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa mguno mwembamba chini ya wimbo, kama wa mtu aliyefumba mdomo chumba cha pili. Bi Halo akapunguza sauti mpaka mwisho. Wimbo ukapotea, mguno ukabaki.

Jina la Bi Halo alilipata kazini. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye ubao wa simu wa hospitali akiunganisha watu na watu wao. Sasa amestaafu, mume kamzika mwaka jana, binti yake wa pekee anafanya kazi mji wa mbali, na simu yake mwenyewe iliweza kumaliza wiki nzima bila kulia. Ndiyo maana alizipangusa vumbi zile spika. Alitaka nyumba iwe na sauti ya mtu, hata kama mtu mwenyewe anaimba tu.

Akamwita fundi wa umeme wa mtaa, aliyezoeleka kwa jina la Koleo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita. Usiseme kitu, sikiliza kwanza."

Koleo akasikiliza, akacheka. "Huo ni ugonjwa wa ethi tu, waya wa ardhini. Amplifaya umeichomeka huku, mashine ya santuri umeichomeka kule. Kila moja ina njia yake ya kwenda ardhini, kwa hiyo umeme unazunguka kati yao kama watoto wanaokimbizana. Mzunguko huo ndio unaolia."

Akavichomeka vyote soketi moja. Mvumo ukapungua, ukajikunyata, kisha ukarudi pale pale. Akabadilisha nyaya za mashine ya santuri. Akafungua soketi, akakaza ule waya wa ethi, wa kijani wenye mstari wa njano. Wapi! Akatoka, akaenda nyuma ya jiko, mahali ambapo marehemu alikuwa amepigilia nondo ya shaba ardhini kwa mikono yake, akaimwagia ndoo nzima ya maji ili udongo upokee umeme vizuri.

Aliporudi sebuleni alikuta harufu ya udongo mbichi imejaa chumba kizima, na madirisha yamefungwa.

"Mama, umeisikia hiyo harufu?"

"Tangu juzi," alijibu Bi Halo kwa sauti ya chini.

Koleo akachomoa plagi ya amplifaya. Taa yake nyekundu ikazimika. Akasimama na plagi mkononi, akaitazama, akazitazama spika, akaitazama tena plagi, maana mvumo ulikuwa unaendelea. Ukapanda. Ukayumba kama mtu anayetafuta neno. Halafu ukafunguka.

"Nani?"

Bi Halo, kwa mazoea ya miaka yote ile, alijibu kabla hajafikiri: "Halo. Unataka kuongea na nani?"

"Na wewe."

Koleo alizing'oa nyaya za spika na kumvuta mama hadi nje.

"Usikijibu tena," alinong'ona. "Nenda kwa binti yako, mama. Leo hii."

"Nikamwambie nini? Kwamba spika zinaniongelesha?"

"Hicho si kitu cha kuongea nacho!"

"Na wewe ukiondoka, mwanangu, nitaongea na nani?"

Koleo akaahidi kumleta shangazi yake, mama anayewatibu wenye majini. Alisema kesho. Ukweli ni kwamba aliogopa, na kesho ikawa siku nne.

Siku hiyo hiyo Bi Halo alizirudisha nyaya. Kila alasiri, mtaa ulipotulia, alikaa mkekani katikati ya spika zile mbili, na sauti isiyo ya kiume wala ya kike ilimwambia kwamba ilikuwa ndani ya udongo ule kabla nyumba haijajengwa, kwamba nondo ya shaba iliichoma ubavuni lakini haikuchukia, kwani kupitia nondo hiyo ilisikiliza santuri za marehemu na vicheko vyao wawili miaka mingi, mpaka kimya kikaingia, mwaka mzima wa kimya, ikadhani wote wamehama na kuiacha. Ikamuuliza goti gani linamuuma leo. Ikamuuliza amekula nini, na kama amekula peke yake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hayo tangu mazishi. Siku ya nne ikamwambia, taratibu kabisa, kwamba imechoka kukaa gizani bila mdomo, aiazime wake kidogo tu, amenye waya ule wa kijani kwa kisu, aushike, kama mtu anavyomshika mwenzake mkono.

Bi Halo akaenda jikoni kuchukua kisu.

Koleo na shangazi yake walifika jua likiwa bado kali. Kabla hawajabisha walisikia Bi Halo akiita kwa uchangamfu, "Karibuni! Mlango uko wazi."

Walimkuta mkekani, waya mtupu umefumbatwa kiganjani, anatabasamu.

"Mbona mmesimama? Kaeni basi."

Midomo yake haikutikisika. Sauti ilitoka kwenye spika.

"Kata!" shangazi alifoka. "Usimguse yeye, kata waya!"

Koleo alikata. Spika zikapiga ukelele mmoja mrefu, zikanyamaza. Shangazi akamkumbatia Bi Halo akimnong'onezea maneno yake ya tiba, huku Koleo akikimbia nyuma ya jiko kuing'oa nondo. Ilitoka ya moto kama kijiko kilichosahauliwa motoni, na tundu lake likajifumba lenyewe.

Bi Halo alifumbua macho, akawatambua, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Hata mnong'ono haukupatikana.

"Kimemwachia," alisema shangazi, akimfuta machozi. "Lakini hakikuondoka mikono mitupu."

Binti alifika kesho yake, akalia sana, akamfungia mama mizigo. Bi Halo alipanda gari akiwa ameshika kipande cha karatasi na penseli, asijue aandike nini.

Koleo alibaki kuifunga nyumba. Spika alikuwa amezitoa na kuzivunja. Akazima swichi kuu, akakagua chumba kimoja kimoja, kila soketi ilikuwa imekufa. Akavuta mlango wa sebule.

"Mwanangu," ikaita sauti ya Bi Halo kutoka kwenye soketi ya ukutani, kwa unyonge, kama ya mtu anayeogopa kusumbua. "Mbona wameondoka bila mimi?"